Kunoa kisu cha mfukoni kwa mkono: mwongozo kamili kutoka ubutu hadi kukata gazeti

Simama chini ya taa, elekeza makali ya kisu juu, kisha kiinamishe polepole mbele na nyuma. Makali yaliyo hai hayarudishi mwanga, maana hayana uso wa kuurudishia. Ukiona mstari mweupe, au vidoa vinavyometameta hapa na pale, hapo ndipo palipo butu: pande mbili za bapa zilizopaswa kukutana kwenye mstari mmoja zimeachana, na katikati pamebaki kijiuso cha mviringo. Kunoa ni kula chuma pande zote mbili, kwa pembe ileile, mpaka pande hizo zikutane tena. Ndiyo maana mtu mwenye jiwe la kawaida la dukani na mkono uliotulia atamshinda mwenye kinoo cha gharama ambaye pembe yake inacheza.

Mwongozo huu unahusu kisu cha mfukoni, kile cha kukunja, chenye bapa la urefu wa sentimita 5 hadi 10. Kisu cha jikoni kinanolewa kwa njia hiyohiyo, na tunakushauri uanzie hapo: chukua kisu cha bei rahisi ambacho hutakisikitikia kikipata mikwaruzo, ujifunzie nacho.

Chuma chako ni cha aina gani

Visu vya Victorinox vya Uswisi, vyenye msalaba mweupe kwenye mpini, ni vya stenlesi laini kiasi, ugumu wake karibu 56 kwa kipimo cha Rockwell. Vinanoleka kwa kinoo chochote na makali hurudi haraka. Opinel wa Ufaransa, wale wenye mpini wa mbao na pete ya kuzungusha, huuzwa kwa chuma cha kaboni au kwa stenlesi. Soma maandishi kwenye bapa. Cha kaboni hushika kutu ukikifanyia uzembe, lakini ni raha kukinoa. Stenlesi haishiki kutu kwa urahisi ila ina usumbufu wake utakaouona kwenye hatua ya kuondoa mkunjo, yaani ule uzi mwembamba wa chuma unaojipinda kwenye makali wakati wa kunoa. Visu visivyo na jina vya mtaani mara nyingi ni laini sana: vinashika makali upesi na kuyapoteza upesi vilevile.

Kuna kundi moja linalohitaji tahadhari, nalo ni visu vya kisasa vya bei kubwa vilivyoandikwa S30V, S90V na mfano wa hizo. Ndani ya chuma hicho mna chembe za kabaidi ya vanadi ambazo ni ngumu kuliko chembe za mawe mengi ya kawaida. Utasugua saa nzima, na jiwe ndilo litakaloisha. Kwa visu hivyo tafuta bamba la almasi.

Vifaa

Kinoo cha kawaida kinachouzwa kwenye hadiweya, kile chenye rangi mbili, kinatosha kuanzia. Chagua chenye urefu wa sentimita 15 hadi 20 na upana wa sentimita 5. Vile vidogo vya kidole havina nafasi ya kuutuliza mkono. Upande mmoja ni wa kukwangua, wa pili ni laini zaidi, ingawa ule "laini" wa mawe ya bei ya chini bado huacha makali yenye meno. Hilo si baya. Makali yenye meno kidogo hukata kamba, nyanya na nyama vizuri kuliko makali yaliyong'arishwa kama kioo.

Njia ya pili, ambayo kwa maoni yetu ndiyo bora kwa anayeanza, ni msasa wa maji: ule mweusi wanaoutumia mafundi wa rangi za magari. Nunua karatasi moja moja za namba 320, 600, 1000 na 2000; namba ikipanda, msasa ni laini zaidi. Kata vipande vya upana wa sentimita 7, lowesha mgongo wa karatasi, ulaze juu ya kipande cha kioo cha dirisha au kigae chenye uso sawa. Maji yenyewe yataushika. Uso unakuwa umenyooka kabisa, jambo ambalo mawe mengi ya bei rahisi hayana. Ila msasa una sharti lake: unaenda upande mmoja tu, mgongo wa kisu ukitangulia na makali yakifuata. Ukisukuma makali mbele utachana karatasi.

Jihadhari na namba. Namba 1000 ya msasa si sawa na namba 1000 ya vinoo vya maji vya Kijapani. Msasa wenye herufi P mbele ya namba hufuata kipimo cha Ulaya, na chembe za P1000 zina ukubwa wa mikroni 18 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kinoo cha Kijapani cha namba 1000 kiko kwenye mikroni 14 au chini yake, yaani kinakaribia P1500. Anayefuata maelekezo ya vinoo vya Kijapani huku akitumia msasa atashangaa kwa nini makali yake yanakwaruza.

Bamba la almasi hula kila aina ya chuma, halibonyei katikati, wala halihitaji kulowekwa. Kasoro yake ni kwamba likiwa jipya linakwaruza kuliko namba yake inavyosema, na ukilikandamiza kwa nguvu chembe zinang'oka. Mwenye nalo aguse tu.

Kama huna kitu chochote, geuza kikombe cha kauri chini juu. Ule mduara usiopakwa rangi unaokaa mezani ni kauri tupu, ngumu kuliko kisu chako. Hautafufua kisu kilichokufa, lakini utahuisha kilichoanza kupoa.

Ongeza na haya: maka peni nyeusi au nyekundu, kitambaa kikuukuu, matone machache ya sabuni ya vyombo, tochi ndogo, rula, na mkanda mkuukuu wa ngozi halisi. Mikanda mingi ya siku hizi ni plastiki juu na karatasi ndani. Ikate pembeni uone: ngozi ina nyuzi.

Maji au mafuta

Majimaji kazi yake ni kubeba unga wa chuma usizibe vinyweleo vya jiwe. Maji yenye tone la sabuni yanatosha kwa kinoo kipya, kwa msasa na kwa almasi. Kinoo kilichokwisha nyweshwa mafuta kitabaki cha mafuta, kwa sababu maji hayatakaa tena juu yake. Kitumie kwa mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta ya kupikia yaache jikoni. Yakikaa siku kadhaa yanaganda kama gundi na kuziba jiwe zima, na hapo kulisafisha ni kazi kubwa kuliko kununua jingine.

Kinoo cha maji chenye vinyweleo vikubwa kiloweke kwenye ndoo mpaka viputo viache kutoka, dakika 10 hadi 15. Kile kisichotoa viputo kinyunyizie tu.

Kabla ya kuanza, angalia kama uso wa kinoo umenyooka: weka rula juu yake uitazame kwa mwanga nyuma. Jiwe lililobonyea katikati hugeuza pembe yako kila kisu kinapopita. Kulinyoosha, chora miraba kwa penseli uso mzima, kisha lisugue juu ya msasa wa namba 120 uliolazwa kwenye kioo, au kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, pamoja na maji. Penseli ikifutika yote, jiwe limenyooka.

Pembe

Kisu cha mfukoni kinanolewa kwa digrii 20 kila upande, ukizidi au kupunguza kidogo. Digrii 15 hukata kwa ulaini zaidi lakini chuma laini kitajikunja mapema. Digrii 25 hustahimili kuchonga miti migumu na kukata waya wa plastiki, ila karatasi itakatika kwa shida. Panga ni digrii 25 hadi 30.

Sasa utazijuaje hizo digrii 20 bila kifaa? Njia ya haraka ni karatasi: kona yake ni digrii 90. Ikunje nusu, unapata 45. Ikunje tena, 22 na nusu. Iweke kona hiyo juu ya kinoo, ulinganishe na kisu, kisha ulaze kisu kidogo tu zaidi ya hapo.

Njia ya uhakika ni rula. Pima upana wa bapa kutoka makali hadi mgongo, zidisha kwa 0.34, kisha toa nusu ya unene wa mgongo. Jibu ndilo umbali ambao ukingo wa chini wa mgongo unatakiwa kukaa juu ya jiwe. Bapa la upana wa milimita 18 lenye mgongo wa milimita 2: 18 mara 0.34 ni kama 6, toa 1, unabaki na milimita 5. Bapa jembamba la milimita 12 lenye mgongo uleule: milimita 3. Panga sarafu mpaka zifike kimo hicho, ziweke juu ya kinoo, laza mgongo wa kisu juu yake, na mkono wako uikariri hali hiyo. Kisha ziondoe. Kosa linalojirudia kwa wanaoanza ni kukisimamisha mno: digrii 20 zinaonekana ndogo kuliko mtu anavyodhani.

Zaidi ya yote kuna maka peni. Paka wino kwenye ule mteremko mwembamba wa makali, pande zote mbili, kutoka shina la bapa (karibu na mpini) hadi ncha. Pitisha kisu kwenye jiwe mara mbili tatu, tazama. Wino ukifutika juu tu, mbali na makali, umekilaza mno. Ukifutika kwenye ukingo kabisa na kubaki juu, umekisimamisha mno. Ukifutika wote, shikilia hapohapo. Wino huu utakuonyesha pia pembe ya kiwandani bila kuhesabu chochote, na kwa mara ya kwanza ifuate hiyo tu.

Kabla ya kugusa jiwe: kisu kisijikunje

Kisu chenye kufuli, kifunge. Opinel, zungusha pete mpaka mwisho. Visu vingi vya aina ya Victorinox vinashikiliwa na springi tu, na hapa pana jambo la kufahamu. Makali yakitangulia, jiwe linasukuma bapa kuelekea mgongoni, yaani kwenye upande wa kufunguka, na kisu kiko salama. Mgongo ukitangulia, msuguano unavuta bapa kuelekea upande wa kujifunga. Basi kwenye msasa na kwenye ngozi, ambako mgongo ndio unaotangulia siku zote, usikandamize, na vidole vya mkono ulioshika mpini visikae kwenye mfereji bapa linakoingia.

Weka kinoo juu ya kitambaa kibichi kilichokunjwa kisiteleze, kwenye meza ya kimo cha kiuno. Kushika jiwe mkononi na kisu mkono mwingine ni kazi ya mzoefu, na hata yeye ana makovu.

Upande wa kwanza: mpaka mkunjo utokee

Anza na upande wa kukwangua, au msasa namba 320. Shika mpini kwa mkono wa kulia, kidole gumba kikiwa mgongoni mwa bapa karibu na mpini. Weka vidole viwili vya mkono wa kushoto juu ya bapa, nyuma kidogo ya makali, juu ya sehemu inayogusa jiwe. Vidole hivyo ndivyo vinavyoamua chuma kiliwe wapi. Mkono wa kulia kazi yake ni kulinda pembe. Funga kifundo cha mkono, usogee kwa bega na kiwiko. Kifundo kikicheza, pembe nayo inacheza.

Sukuma makali mbele kana kwamba unataka kuchana utando mwembamba juu ya jiwe. Bapa likienda mbele, lisogeze pia kando, ili kutoka shina hadi ncha lote lipite. Kwenye hatua hii ya kukwangua unaweza kusugua kwenda na kurudi bila kuinua. Kwenye msasa, kumbuka, ni kurudi tu. Nguvu iwe kama ya kilo moja. Hiyo si makisio: weka kinoo juu ya mizani ya jikoni, irudishe kwenye sifuri, ukandamize uone kilo moja ikoje kwenye vidole. Wengi wanagundua walikuwa wanaweka tatu.

Kwenye sehemu iliyopinda kuelekea ncha, inua mpini kidogo kadiri unavyosogea. Bapa likipinda, makali yanageuka na kutazama upande mwingine. Usipoinua mpini, ncha inakuwa imelala kuliko sehemu nyingine, na jiwe linakwaruza ubavu bila kuyagusa makali. Inua kwa kiasi cha kuona wino unafutika sawasawa hadi mwisho. Simamisha kisu ncha ikiwa bado juu ya jiwe. Ukiiacha idondoke ukingoni, kila mara inakatwa kidogo, na baada ya mwezi una kisu chenye pua ya mviringo.

Piga mara 15 au 20, futa, chunguza. Unachotafuta ni mkunjo: upande mmoja ukishaliwa hadi makali, chuma kinakuwa chembamba mno kustahimili na kinajipinda upande wa pili kama uzi. Kuuhisi, weka kidole gumba ubavuni, upande ambao hukuunoa, ukivute kutoka mgongoni kwenda nje kupita makali. Usikipitishe kamwe kwa urefu wa makali. Patakuwa na kitu kinachokwaruza ngozi. Ukiwa na shaka, futa makali kwa pamba kwa mwelekeo huohuo, nyuzi zitanasa.

Mkunjo lazima uwepo kutoka shina hadi ncha, bila pengo hata la nusu sentimita. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi: wanasikia mkunjo katikati, wanafurahi, wanageuza kisu. Sehemu isiyo na mkunjo ni sehemu ambayo jiwe halijafika kwenye makali, na hakuna kinoo laini wala ngozi itakayoirekebisha baadaye. Kisu kilichokuwa butu kweli kinaweza kudai mara 100, au hata 200. Piga tu. Kama shina na ncha zimechelewa, hamishia vidole vya kushoto huko, piga hapo peke yake.

Upande wa pili, kisha kupunguza

Geuza kisu, pembe ileile, fanya hivyohivyo mpaka mkunjo uhamie upande wa kwanza, nao kwa urefu wote. Mara hii ni haraka zaidi. Ukiona mkono wa kushoto hauwezi, usibadilishe mkono. Geuza tu kisu na uvute kuelekea kwako badala ya kusukuma.

Hamia upande laini, au msasa namba 600. Paka wino upya. Kazi sasa ni kufuta mikwaruzo ya hatua iliyopita, wala si kuunda makali mapya, kwa hiyo nguvu inashuka hadi nusu kilo. Mara 20 kila upande, halafu 10, halafu 5. Kwa msasa, endelea na 1000, kisha 2000 ukitaka. Futa kisu na uso wa kazi kila unapobadilisha namba, maana chembe moja kubwa iliyobaki itachora mstari mrefu kwenye makali uliyohangaikia.

Ukitumia jiwe la hadiweya na upande wake laini ndio mwisho wako, usiwaze. Malizia vizuri hatua inayofuata, kisu kitakata.

Kuondoa mkunjo

Hii ndiyo hatua inayotenganisha kisu kilichonolewa na kisu kilichosuguliwa. Mkunjo ukibaki umesimama wima, kisu kitakata karatasi ya kwanza kwa kishindo, nawe utaridhika. Ukikata kadibodi mbili tatu, uzi ule unalala au unang'oka, na kisu ni butu kama jana. Watu husema "chuma cha kisu hiki kibaya" wakati chuma hakina kosa.

Piga mara moja upande mmoja, mara moja upande wa pili, kwa kupokezana, makali yakitangulia, ukitumia uzito wa kisu peke yake. Mara 10 kila upande. Kisha inua mgongo kwa kama milimita moja zaidi ya kawaida, uguse jiwe mara mbili kila upande kwa wepesi uleule. Kwa pembe hiyo iliyoinuka jiwe linaukata mkunjo kwenye mzizi wake. Kwenye msasa huwezi kutanguliza makali, kwa hiyo pokezana mgongo ukitangulia, na hatua hii ya kuinua ifanye kwenye sehemu ya chini ya kikombe cha kauri.

Chunguza kwa tochi na kwa pamba, pande zote mbili. Kwa chuma cha kaboni mkunjo huvunjika mapema. Stenlesi laini inauhamisha tu huku na huko, leo kushoto, kesho kulia, nawe unazidi kusugua na kuukuza. Dawa ni kupunguza nguvu. Kila ukikandamiza unaunda mkunjo mpya.

Sasa ngozi. Laza mkanda juu ya ubao, uso wenye manyoya juu, ushikilie kwa klipu mbili. Paka dawa ya kijani ya kung'arishia chuma kama inapatikana; Brasso kidogo iliyoachwa ikakauka inafanya kazi pia. Vuta kisu mgongo ukitangulia, mara 10 hadi 15 kila upande, kwa pembe ileile ya kunolea au chini yake kidogo. Ukifika mwisho, kiinue kwanza ndipo ukigeuze. Ukikizungusha juu ya ngozi utaikata na kuyaviringisha makali. Kukandamiza kuna madhara hayohayo, kwani ngozi inabonyea na kupanda juu ya makali. Pasipo ngozi, gazeti lililokunjwa mara kadhaa juu ya ubao linatosha, au mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, uliotandazwa mezani. Si ukiwa umeivaa.

Kupima

Gazeti ndilo jaribio la haki. Shika ukurasa kwa juu, anza kukata ukingoni karibu na vidole, uvute kutoka shina hadi ncha. Kisu kizuri kinapita bila kelele nyingi. Kikikwama mahali, simama, angalia ni sehemu gani ya bapa iliyokwama, uitafute kwa tochi: utakuta kidoa cheupe au mkunjo uliobaki. Rudia hapo tu. Nyanya iliyoiva nayo ni shahidi mzuri, kwani ganda lake linateleza chini ya makali yoyote yaliyoviringika. Kunyoa vinyweleo vya mkono kunavutia kutazama, ila mkunjo nao hunyoa, kwa hiyo jaribio hilo linadanganya.

Kikigoma kukata

Umepiga sana na hakuna mkunjo: karibu kila mara umelaza kisu mno, unakula bega la mteremko badala ya makali. Rudi kwenye wino. Sababu ya pili ni jiwe lililoziba likawa jeusi na kuteleza. Lisugue kwa maji, sabuni na brashi, au kwa msasa.

Kinakata katikati, ncha haikati: hukuinua mpini. Karibu na mpini hapakati: kisu hakikuanza kwenye shina, au kuna kipande kinene cha chuma kinachogonga ukingo wa jiwe. Kiinamishe kisu kidogo mshazari ili kipande hicho kibaki nje ya jiwe.

Mikwaruzo ubavuni ni dalili ya pembe kushuka mara mojamoja. Haidhuru ukataji. Ikikuudhi, funika ubavu kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ukiacha mteremko wa makali wazi.

Kisu kilichonolewa miaka kadhaa kinakata karatasi vizuri lakini kinakwama kwenye embe au kipande cha mti. Makali yamepanda hadi kwenye sehemu nene ya bapa. Kipunguze kwanza unene kwa digrii 12 hivi kwenye upande wa kukwangua, pande zote mbili, kisha uweke makali mapya kwa digrii 20 kwa mipigo michache.

Pengo dogo kwenye makali linaondoka kwa kula makali yote hadi kimo cha pengo. Kula pale penye pengo peke yake kutaacha shimo.

Visivyofaa, na vinavyofaa kwa kazi nyingine

Mchinjaji anayesugua kisu kwenye fimbo ya chuma, au mchoma nyama anayesugua kisu kwa kisu, ananyoosha makali yaliyolala. Kwa kisu laini kilichokuwa kikali asubuhi ni sawa kabisa. Kwa kisu kilichoviringika, ni kelele tu.

Fundi wa kunoa wa baiskeli ni mtu wa kuheshimiwa kwa panga na jembe. Kisu chako chembamba cha mfukoni, hata hivyo, kinaweza kupata joto kwenye gurudumu kwa sekunde chache. Makali yakigeuka manjano au bluu, chuma hapo kimelegea na hakitashika makali tena mpaka sehemu hiyo yote iliwe. Mwombe achovye kwenye maji kila anapopitisha, au usimpe.

Makali ya meno-meno yana dawa tofauti. Funga msasa namba 600 kwenye penseli au msumari unaoingia kwenye tao la jino, sugua kila tao mara 5 hadi 10 upande wenye mchongo pekee, kisha pitisha ubavu wa nyuma ukiwa umelala kabisa juu ya jiwe ili kutoa mkunjo.

Baada ya kazi

Unga wa chuma na wa jiwe huingia kwenye bawaba. Ukiuacha, kisu kitakwaruza kila kikifunguka. Kiogeshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kifungue na kukifunga mara kadhaa majini, kikaushe kabisa, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye riveti. Mpini wa mbao usilowe: ukivimba, bapa litabanwa. Kwa Opinel futa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Pwani, ambako hewa ina chumvi, chuma cha kaboni kinaweza kuota kutu usiku mmoja; kipake utando wa mafuta. Na ukimenyea chungwa au ndimu, kifute papo hapo, kwa sababu asidi inaanza kula pale palipo pembamba zaidi, yaani makali yenyewe.

Kisu kinachotumika kila siku kipeleke kwenye ngozi mara moja kwa wiki, mara 10 kila upande. Kikianza kuteleza kwenye ganda la nyanya, upande laini wa kinoo, dakika tano, ukianzia kwenye hatua ya kupokezana. Upande wa kukwangua hautauhitaji tena kwa miezi mingi, labda mtu akiazime afungulie kopo la rangi.